Kiti cha Daktari Mukami

Kuna Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo hunirudia nikichambua mboga, na juzi ulipokuja hapa Uthiru, Kageha mjukuu wangu, ilinirudia yote, na sauti zake na harufu zake. Sikukuambia siku ile. Simu yako ilikuwa inalia kila mara, na mimi nikikasirika huwa nanyamaza kwanza. Sasa hasira imeshuka. Keti usome. Na kama kuna kijana mwenzako kando yako, someni pamoja, kwa sababu haya si yako peke yako.

Ulikuja umechoka. Ukanieleza kwamba daktari wa macho kama wewe, mbali na kutibu, huandika yale anayoyagundua, na kwamba ukubwa wake hupimwa kwa jinsi madaktari wengine wanavyoyataja maandishi yake wanapoandika yao. Nikakuambia, basi si uandike. Ukacheka kile kicheko chako cha uchungu, ukaniita bibi kwa lugha yetu.

"Guku, naandika. Lakini mtu akishasomea ng'ambo, na mwalimu wake awe mtu mkubwa, hata akipiga chafya inaandikwa na inatajwa. Mimi nikisema kitu wananiambia niwakumbushe baadaye."

Ukaniambia ya huyu ambaye babake alikuwa daktari, na ya yule aliyeanza kuandika akiwa bado mwanafunzi kwa kuwa profesa alimpenda. Wengi wao wanaume. Wewe ulisomea hapa hapa, ukaolewa, ukazaa, ukachelewa kuanza. Nilikusikiliza vizuri, mwanangu, na moyo wangu ulikuwa upande wako kabisa. Mpaka ulipofika kwa mkutano wa Alhamisi.

Ulisema Alhamisi hii mnakutana pale hospitalini kwenu mjini, kuamua nani ataongoza ule utafiti wa macho ya watoto, kazi ambayo wewe ndiye uliyeianza kwa miguu yako. Nikakuuliza, na wewe utasema nini mbele yao? Ukanijibu, tena kwa fahari, kwamba wewe ndiye umeagiza chai na mandazi, na wewe ndiye utaandika kumbukumbu za mkutano, kwa sababu wakubwa wako wamezoea kukutegemea kwa mipango.

"Wanasema bila mimi hakuna kitu inaenda, Guku."

Hapo ndipo niliponyamaza. Uliona nimeinamia mboga yangu ya mrenda, ukadhani nimechoka. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimerudi Loresho.

Kabla sijaolewa na babu yako nilikuwa mfanyakazi wa nyumba huko Loresho. Nilikuwa nimetoka kwetu Vihiga na darasa la nne langu, nikafikia kwa dada yangu huko Kangemi, chumba kimoja na pazia katikati. Asubuhi navuka barabara kubwa, napanda kule kwenye miti na mageti, na jioni narudi. Mwenye nyumba alikuwa daktari wa macho, mkubwa wa wenzake wakati ule. Sisi wa jikoni tulimwita Baba Wambui, kwa jina la binti yake wa kwanza, na mkewe tukamwita Mama Wambui.

Kila Jumamosi madaktari wenzake walikuja kula chakula cha mchana. Mtu wa nje angefikiri ni karamu. Kumbe pale mezani ndipo kazi zilipogawanywa: nani ataandika juu ya ugonjwa gani, nani atapewa wasaidizi, nani ataenda kusimama mbele ya madaktari wa nchi nyingine aeleze. Jumatatu wakifika hospitalini yote yalikuwa yameshaamuliwa, kati ya mukimo na chai. Mimi nilijua kwa sababu nilikuwa naondoa sahani. Hakuna anayeshusha sauti mbele ya msichana anayeondoa sahani.

Walikuwa wanaume watupu, ila mmoja. Huyo aliitwa Daktari Mukami, msichana wa Kirinyaga, mdogo kwa wote. Mumewe alikuwa mwalimu huko huko kwao, na watoto wao wadogo walikuwa kwa nyanya yao. Wale wengine walikuwa wamesoma pamoja ng'ambo. Waliitana kwa majina ya utani ya huko, wakakumbushana baridi ya huko na vituko vya mwalimu wao wa huko. Mukami hakuwa na baridi ya kukumbuka. Alisomea hapa, akafaulu vizuri sana, na hadithi yake ikaishia hapo.

Sasa sikia alichokuwa akifanya. Akifika, anawasalimu wote kwa mkono, halafu anapita moja kwa moja mpaka jikoni. Mkoba juu ya friji, mikono ya blauzi anakunja, na swali ni lile lile: "Rasoa, nikusaidie na nini?"

Hakuna aliyemtuma. Kwao, na kwetu pia, mwanamke akifika kwa watu chakula kikiwa bado motoni, haketi sebuleni akitazama ukuta. Ndivyo tulivyolelewa, na si malezi mabaya. Mama Wambui alimpenda sana kwa hilo. Alikuwa akisema huyu ndiye msomi ana adabu, wengine wakipata digrii hata kikombe hawajui kinaoshwa wapi. Nami nilimpenda zaidi, kwa sababu alikata kabichi nyembamba kama nyuzi, na alikuwa mtu wa kupiga stori.

Stori zake zilikuwa za kazi. Siku zake za mapumziko alikuwa anashuka Kangemi peke yake, anaingia ploti hii na ile ya vyumba vya kupanga, anatazama macho ya watoto. Alikuwa anatafuta makengeza. Alinieleza kwamba jicho la mtoto likienda upande na likaachwa hivyo, ubongo unaanza kulisahau. Mtoto anakua, jicho lipo, lakini halioni vizuri tena. Likishikwa mapema linasaidika. Aliwauliza akina mama mbona wanachelewa, na karibu wote wakampa jibu moja, kwamba litanyooka lenyewe akikua. Mukami hakuwalaumu. Alisema hakuna mtu aliyewahi kuwaambia vingine.

Basi akawa na wazo lake. Mama wa Kangemi hana nafasi ya kumpeleka mtoto hospitali ya macho, lakini kliniki ya chanjo atampeleka tu. Muuguzi yuko pale, na mtoto yuko mapajani. Mpe muuguzi tochi na umfundishe amulike macho. Aliniambia hayo akikata kabichi. Mimi nikawa naitikia eeh, eeh, huku namsogezea karoti.

Jumamosi ile ninayoikumbuka, alikuwepo pia Cucu, mama yake mzazi Baba Wambui. Alikuwa ametoka shambani kwake Limuru kumtembelea mwanawe. Cucu hakupenda jiko la stima. Aliketi mlangoni mwa jikoni na jiko lake la makaa, anachoma mahindi yake, hasemi neno. Mimi nilimwogopa. Alikuwa na macho ya kuona vumbi kabla halijatua.

Mlango wa kwenda mezani ulikuwa wazi. Tukamsikia Baba Wambui akisema kwamba sasa imefika ile kazi ya makengeza ya watoto. Akasema atampa mmoja wao, yule mrefu kuliko wote, kwa sababu jina lake linajulikana na maandishi yake yanasomwa ng'ambo. Yule mrefu akacheka, akasema hajui hata aanzie wapi, watu wakacheka naye, ikawa imekwisha.

Kisu cha Mukami kikanyamaza.

Niligeuka kumtazama. Alikuwa amesimama mbele ya ubao wa kukatia, kabichi nusu, mkono umetulia. Halafu akaendelea kukata. Pole pole, nyuzi nyembamba kama kawaida. Hakulia, hakunung'unika. Kama ungeingia wakati ule usingejua kuna kitu kimetokea.

Cucu alikuwa amejua. Akaweka hindi lake kando.

"Hiyo kazi wanagawa hapo," akamuuliza, "si ndiyo hii umekuwa ukimwambia huyu msichana?"

"Ni hiyo, Cucu."

"Na wewe uko hapa ukifanya nini?"

"Nasaidia."

Cucu akanitazama mimi. "Rasoa, mnyang'anye kisu."

Nilisita. Kumnyang'anya daktari kisu si jambo dogo kwa msichana wa kazi. Cucu hakurudia, alitazama tu, nami nikakichukua. Kisha akamwambia Mukami kwamba alimsomesha mwanawe kwa maziwa ya ng'ombe wake, na hakumsomesha ili aje kumweka daktari mwenzake jikoni.

Mukami akamtetea. "Hakuniweka, Cucu. Nilikuja mwenyewe."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," Cucu akasema. "Mtu akikufukuza mezani, watu wanaona, na hata yeye mwenyewe anaona haya. Ukijiondoa, nani atakutafuta? Watakula, watagawana, na mwisho watakushukuru kwa chakula."

Mama Wambui, aliyekuwa anapakua, alishika mwiko hewani kama mtu aliyesahau unafanya nini. Nami sikusazwa. Cucu akanigeukia: "Na wewe umefurahi kupata wa kukukatia kabichi. Kabichi yako kata mwenyewe."

Akauliza kiti kiko wapi. Na hapo, mwanangu, ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukiona miezi yote niliyopanga ile meza. Viti vya mezani vilikuwa vimejaa. Kiti cha Mukami hakikuwahi kuwepo. Wala hakuna aliyekuwa amekiondoa kwa ubaya. Ni vile kila mtu alijua atakuwa jikoni. Hata mimi, nikipanga sahani, sikuwahi kuweka yake. Nikakimbia chumba cha wageni nikaleta kimoja, kiti cha kuvalia viatu, kifupi, kina nailoni ya dukani bado. Cucu akamshika Mukami mkono, mimi nyuma na kiti, tukaingia.

Baba Wambui akainuka nusu. "Maitu, mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekuletea mgeni wako. Alipotea njia akaingia jikoni."

Wakacheka, na kicheko kile kilisaidia. Wakasogea. Mukami akaketi kwenye kile kiti kifupi, kidevu kikiwa karibu na meza kama mtoto, na hakusema lolote. Nataka ujue hili, Kageha, kwa sababu watu wakisimulia mambo haya hupenda kuruka mpaka mahali pazuri. Alikaa pale, wakaendelea na mazungumzo yao, wakataja watu asiowajua na miji asiyoijua, naye akatazama sahani. Kiti hakikumpa mwalimu mkubwa wala miaka ya ng'ambo. Alivyokuwa jikoni ndivyo alivyokuwa mezani. Tofauti ni kwamba sasa alikuwa mahali ambapo akisema atasikika.

Nikaleta chai. Nilipoinama na trei nikamwona anainuka kuipokea, mikono tayari imetangulia. Haikuwa akili yake, ilikuwa ni mazoea. Nikazunguka nikaenda kuiweka upande ule mwingine wa meza, mbali naye. Tukatazamana. Akaketi tena. Mimi sijafanya mambo mengi makubwa katika maisha yangu, lakini kuipitisha ile trei mbali naye bado kunanifurahisha.

Basi akasema, "Kuhusu hao watoto wa makengeza."

Yule mrefu, bila ubaya, akasema hiyo walikuwa wamemaliza.

Sauti ikatoka mlangoni, ya Cucu. "Mimi sijamaliza chai yangu."

Baba Wambui akamwambia Mukami aendelee. Naye akaeleza, mwanzo kwa sauti ndogo, halafu yake ya kawaida, ile ya jikoni. Akawaambia ya ploti za Kangemi, ya majibu ya akina mama, ya muuguzi na tochi. Alipomaliza, Baba Wambui akauliza kwa nini hakuwahi kumwambia. Mukami akajibu kwa heshima kwamba alimwambia zaidi ya mara moja, kwenye korido ya hospitali, naye akamwambia amkumbushe. Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulionyesha kwamba amesikia.

Sasa usidhani ilikuwa kama kwenye sinema. Alichoamua ni kwamba wataandika wawili, jina la yule mrefu likitangulia, kwa sababu ndilo linalojulikana, na Mukami akifuata. Niliporudi jikoni nilikuwa nachemka. Nikamwambia Cucu hiyo si haki. Cucu akaokota hindi lake, likiwa limepoa, akasema, "Si haki. Lakini asubuhi hakuwa na kiti." Akatafuna.

Maandishi yale yakatoka, yakatajwa na madaktari wa mbali, wengi wao wakitaja jina la yule mrefu. Jumamosi zilizofuata nilimwekea Mukami sahani mezani bila kuuliza mtu, na baadaye akaanza kuandika yake akiwa wa kwanza. Alienda mbali, ingawa si mbali kama wale waliokuwa na baridi ya kukumbuka. Hilo nakuambia bila kulipaka sukari.

Mimi nikaolewa, nikaacha kazi ile, nikamzaa mama yako. Siku moja nikampeleka kliniki ya chanjo pale Kangemi, nimembeba, sina wazo lolote. Muuguzi, msichana mdogo tu, akamdunga sindano, akamwacha alie anyamaze, halafu akatoa tochi mfukoni. Akamulika jicho hili, akamulika lile.

"Mama, hili la kushoto linavuta ndani kidogo. Ulikuwa umeona?"

Sikuwa nimeona, mwanangu. Mimi niliyesikia yote jikoni, sikuwa nimeona, kwa sababu mtoto wako unamtazama kwa mapenzi, humtazami kama daktari. Tukatumwa hospitali. Wakawa wanamfunika lile jicho zima, ili lile jingine lilazimike kufanya kazi. Alilia, akaking'oa kitambaa, nikakirudisha, akalia tena. Lakini jicho lilirudi. Nilimuuliza yule muuguzi nani aliwafundisha mambo ya tochi. Akaniambia, "Ni vile tunafanya siku hizi, mama." Jina la Mukami hakulijua.

Hujawahi kuambiwa hadithi hii. Mama yako mwenyewe anajua kidogo tu, kwamba alifunikwa jicho akiwa mdogo. Lakini siku ulipozaliwa nilikuwepo, na nilimwona akikutazama kwa macho yote mawili, na nikakumbuka kabichi.

Sasa sikia nasaha yangu, na usiniletee ubishi mpaka nimalize.

Kuna mambo yaliyokufuata kutoka nyuma ambayo hukuyachagua. Baba yako si daktari. Hukupelekwa ng'ambo. Ulizaa watoto wakati wenzako wanaandika, na watoto hao ni wazuri, sitaki kusikia ukiwajutia. Mambo haya yana uzito, na anayekuambia hayana uzito anakudanganya, au ni mmoja wa wale waliobebwa. Ukilia juu yake, lia, mimi nitakuwekea chai. Lakini usiyaongezee lako. Mlango wa jikoni usiufungue kwa mkono wako mwenyewe, halafu uje kuniambia wamekusahau.

Alhamisi usiagize chai. Kama umeshaagiza, iache ijilete. Wakiuliza nani ataandika kumbukumbu, wewe tazama dirishani mpaka mwingine aseme ni yeye. Utaona haya, mikono itawasha. Iache iwashe. Na ikifika kazi ya wale watoto, sema ni yako, na ueleze ulivyoianza. Kama watakupa nusu, chukua nusu mchana huo huo, na kesho yake uanze kuidai ile nyingine. Sikukulea uwe mkorofi, lakini adabu haikuwahi kuwa kujificha. Hilo mimi nilichelewa kulijua, na ningependa wewe uwahi.

Na ninyi vijana mliobebwa, mliokuta kiti kinawangoja, sina hasira nanyi. Kaeni. Mmesoma, mmefanya kazi. Ila kabla hamjagawana, hesabuni viti, na muulize aliyepika chakula anajua nini.

Mungu akupe sauti yako ya jikoni ukiwa mezani, mjukuu wangu. Akupe Cucu wa kukutoa ukipotea njia, na wa kukupitishia trei mbali. Azidi kukulindia mama yako na macho yake. Na siku itakapofika, kwa kuwa itafika, ambapo wewe ndiye umeketi mbele unagawa kazi, akufanye uwe mtu wa kusikia kisu kikinyamaza.